Baba Amesema Umsamehe

Tope la jaruba lina harufu yake. Si ile harufu ya vumbi linalopigwa na mvua ya kwanza, ambayo kila mtu huisifu. Hii ni nzito zaidi, ya majani yaliyooza chini ya maji, ya mabua ya mpunga wa mwaka jana, ya samadi ya ng'ombe waliopita hapo kiangazi. Mama alikuwa akirudi nayo nyumbani kila mvua zilipoanza. Ilikaa kwenye kucha zake na kwenye pindo la khanga yake, na Jumapili akinishika mkono kwenda kanisani niliinusa hata juu ya harufu ya sabuni. Kwa hiyo siku aliporudi kutoka bondeni bila harufu hiyo, jembe safi begani, miguu mikavu, nilijua kuna jambo kabla hajafungua mdomo. Wala hakuufungua. Alilisimamisha jembe ukutani, akaketi kwenye kigoda, akaanza kuchambua maharage ambayo alikuwa ameshayachambua asubuhi. Nilikuwa na miaka kumi na minne, kidato cha pili, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa msimu ambao wazazi wangu waliacha kusemezana.

Tulikuwa tunaishi Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kwenye njia ya zamani ya misafara. Nyumba yetu ilitazama barabara wanayopita wageni wanaokwenda kuliangalia lile tembe, nyumba ya kale ya udongo aliyowahi kukaa mzungu mmoja msafiri, na nyuma yake ardhi iliteremka taratibu hadi bondeni, kwenye mashamba ya mpunga yaliyozungushiwa kingo za udongo ili yashike maji. Kipande kimoja huko kilikuwa cha mama. Kingo zake alizijenga mwenyewe kwa jembe mwaka alioolewa, akiwa na mimba yangu, na kila mwaka alizirudishia pale ng'ombe walipozibomoa. Watu wote waliliita jaruba la Mama Kalunde, na Kalunde ni mimi. Mwaka ule baba yangu mdogo, Shija, alikuwa amerudi kutoka Mpanda, ambako alikaa miaka mingi akitafuta dhahabu asiipate. Bibi, mama yao, alitaka mwanawe huyo wa mwisho atulie kijijini, na mtu hatulii bila ardhi. Wakakaa kikao cha ukoo, baba akaitikia, na jaruba likahamishwa kwa maneno matupu kutoka kwa mke kwenda kwa mdogo wa mume. Hakuna aliyemwambia mama. Alilijua jambo hilo alipofika bondeni akamkuta Shija analima kwa ng'ombe wawili, naye Shija, bila kuinua macho, akamwambia kwamba amepewa na kaka yake.

Ningependa kuandika kwamba baba alikuwa mtu mkali. Kazi yangu ingekuwa nyepesi. Hakuwa mkali. Alikuwa mwimbaji wa besi katika kwaya ya Wamoravian, fundi aliyeziba pancha za baiskeli za majirani bila kudai chochote, na mbele ya mama yake alikuwa mtoto wa miaka saba. Mama alikuwa Mkatoliki wa Ntalikwa. Walipooana makanisa mawili yalisumbuka, wao hawakusumbuka. Jumapili kila mmoja alishika njia yake, na wakati wa kurudi anayetangulia alimsubiri mwenzake njia panda. Jioni ile mama alipakua ugali na mlenda, akautenga mbele ya baba aliyekuwa ameketi hatua moja kutoka kwake, kisha akanigeukia mimi.

"Mwambie baba yako chakula tayari."

Nilicheka, nikidhani ni mzaha. Mama hakucheka. Baba aliutazama ugali, akasema nimwambie mama yangu kwamba ameshiba. Mdogo wangu Maganga, aliyekuwa na miaka sita, alitutazama mmoja mmoja, akanawa, akaanza kula.

Wiki hizohizo, shuleni, Mwalimu Nkwabi alikuwa anatufundisha kugeuza usemi halisi kuwa usemi wa taarifa kwa Kiingereza. Alichora mstari katikati ya ubao kutoka juu hadi chini. Kushoto yalikaa maneno kama yalivyotoka kinywani mwa mtu, yamefungwa kwa alama zake. Kulia yalikaa maneno yaleyale yakisimuliwa na mtu mwingine. Ukivuka mstari, alisema, kila kitu kinabadilika. "Mimi" inakuwa "yeye", "hapa" inakuwa "pale", "kesho" inakuwa "siku iliyofuata", na kila kitenzi kinarudi nyuma hatua moja. Nilizipenda kanuni zile. Zilikuwa na uhakika ambao nyumbani haukuwepo tena. Sikukosea nyakati wala viwakilishi. Kosa langu lilikuwa moja na sikuweza kuliacha: kila usemi niliugeuza kwa neno "told". Juma angemwomba Asha kalamu kwa adabu zote, na "please" juu, mimi ningeandika kwamba Juma alimwambia Asha ampe kalamu. Mwalimu alipiga mstari mwekundu, akaniuliza mbele ya darasa "please" yangu imekwenda wapi. Akaeleza tena kwamba neno lile halivuki lenyewe, lakini haliachwi likafa. Linaingia ndani ya kitenzi, na kitenzi kinakuwa cha kuomba au cha kusihi. Kisha akamalizia kwa Kiswahili, ili iume vizuri, kwamba kwa Kalunde kila anayefungua mdomo ni askari. Darasa lilicheka, na kwa wiki nzima wavulana wa nyuma walinipigia saluti.

Nyumbani kazi yangu iliongezeka. Sisi tuliozaliwa kwenye njia ile hupenda kujisifu kwamba babu zetu walibeba pembe za ndovu na majora ya nguo hadi pwani. Hatusemi sana kwamba mizigo ile haikuwa yao. Nilibeba habari za mbuzi aliyekata kamba, za mbegu za mahindi, za homa ya Maganga, za nani atakwenda msibani Itetemia na nani atabaki. Zamani nyumbani tulizungumza Kinyamwezi. Sasa mama, akinipa ujumbe wa baba, alihamia Kiswahili, lugha ya mikutanoni na ya wageni, naye baba akamjibu kwa Kiswahili hichohicho, kama watu waliokutana stesheni. Mara chache walimtuma Maganga, wakaacha, maana Maganga alifikisha maneno mabichi kama alivyopewa, na sauti juu. Mimi niliyatengeneza. Mama akisema, mwambie huyo mwanamume asiguse ndoo zangu, mimi nilimwambia baba kwamba mama anaomba ndoo zibaki zilipo. Na lazima niseme ukweli hapa: mwanzoni nilifurahi. Watu wazima wawili walinisubiri nifungue mdomo. Mama alinipakulia nyama kubwa, baba aliniruhusu kuendesha baiskeli yake. Nilijiona nimeshika nyumba nzima mikononi, na sikujua kwamba mtoto akishika nyumba, ikianguka inaangukia yeye.

Wengine walijaribu. Alikuja katekista wa kanisa la mama, akaja mzee wa kanisa la baba, na kwa mara ya kwanza tangu harusi yao makanisa yale mawili yalikubaliana. Baba aliwaambia kwa heshima kwamba mambo ya ardhi ya ukoo hayazungumzwi na wageni. Mama aliwaambia kwamba yeye hana ugomvi na mtu, hana tu la kusema. Bibi alikuwa na la kusema, tena kila siku, kutoka nyumba yake ya jirani: kwamba mwanamke haji na ardhi kichwani. Mama alimwamkia shikamoo asubuhi na jioni, akaitikiwa marahaba, na hapo ndipo maongezi yao yalipoishia.

Mpunga ulipofika magotini, Shija aliondoka. Rafiki yake wa machimboni alimwita, naye akapanda gari la Mpanda bila kumuaga mtu zaidi ya Bibi, akaacha majani yanashindana na mpunga na kingo mbili zimevuja. Baba alishuka bondeni kuangalia. Sijui aliwaza nini huko, ila najua alikaa hadi mchana, kwa sababu nilipotoka shule saa tisa nilimkuta ananisubiri barabarani, suruali imekunjwa, tope limemkauka miguuni. Hakuwahi kunisubiri kabla ya siku hiyo. Alikuwa ameshika baiskeli kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kuanguka akiiachia. Gari la wageni lilitupita kuelekea kwenye tembe, akangoja vumbi litue. Kisha akazungumza Kinyamwezi, na polepole, akitazama pembeni.

"Mwambie mama yako nilikosa. Jaruba ni lake, halikuwa langu kumpa mtu. Namwomba anisamehe. Kesho asubuhi, akikubali, twende wote wawili tukapalilie."

Kabla ya lile neno la kuomba alimeza mate. Nilimwuliza kwa nini asiende mwenyewe. Akasema akisema yeye, mama atanyamaza tu, mimi ananisikiliza. Akapanda baiskeli akaelekea mjini, nadhani ili asiwepo.

Sasa ni haki nieleze hali yangu mwenyewe siku ile, ingawa hainisafishi. Asubuhi Mwalimu Nkwabi alikuwa amerudisha mtihani wa usemi wa taarifa. Kila aliyepata chini ya nusu alichapwa fimbo nne mikononi, na mimi nilikuwa na sentensi kumi, saba kati yake zimekatwa kwa kosa lilelile. Vidole vyangu vilikuwa vimevimba, nilibeba daftari kwapani. Nilikuwa na njaa. Na nilikuwa nimewachoka wote wawili, uchovu ambao sikuwa na jina lake, kwa sababu miezi mitatu ilikuwa imepita na hakuna hata mmoja wao aliyeniuliza mimi naendeleaje. Nilimtazama baba anavyopotea na baiskeli yake, na badala ya kufurahi kwamba ameshindwa hatimaye, nilikasirika kwamba hata kushindwa kwake nibebe mimi.

Mama alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga. Nilisimama mlangoni, nikatua mzigo wangu kwa pumzi moja, kwa Kiswahili.

"Baba amesema umsamehe, na kesho uende jaruba ukapalilie."

Mchi ulisimama. Mama akaniuliza amesemaje. Nikarudia. Akaniuliza tena, nikarudia tena, neno kwa neno. Mara ya tatu alinitazama usoni, muda mrefu, akauliza, "Hivyohivyo?"

"Hivyohivyo," nikasema.

Hakuna uongo uliokuwemo. Msamaha ulikuwemo, kesho ilikuwemo, jaruba lilikuwemo. Ila kuomba kulikuwa kumegeuka kuamuru, kukosa hakukuwemo, na wawili walikuwa wamebaki mmoja. Nilijua. Watu wakinisikiliza nikisimulia haya hunifariji kwamba nilikuwa mtoto sijui kitu, lakini nilijua tangu maneno yakiwa yanatoka, kama mtu anavyojua kwamba kikombe kinamponyoka. Nilingoja mama anikaripie, aniambie nirudie vizuri. Badala yake alicheka kidogo, kicheko kikavu, akamalizia kutwanga. Jioni alikunja nguo zake na za Maganga. Alfajiri akamfunga mdogo wangu mgongoni, ingawa alishakuwa mkubwa wa kutembea, akashika njia ya Ntalikwa kwao. Mimi aliniambia nibaki nimalize shule.

Baba alikuwa amelala kwa Bibi. Kulipopambazuka alikuja uani akiwa ameoga, amebeba majembe mawili, lake na la mama, yote ameyanoa. Alisimama mbele ya mlango. Hakubisha hodi, alingoja. Nilimtazama kupitia dirishani mpaka nikashindwa, nikatoka nikamwambia mama ameondoka. Aliniuliza swali moja tu: kama nilimwambia. Nikajibu kwamba nilimwambia. Akayaweka majembe chini polepole, moja juu ya jingine, akaenda zake kuziba pancha ya mtu.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokaa. Baba aliamini kwamba aliomba msamaha, akakataliwa. Mama aliamini, au nilidhani aliamini, kwamba alinyang'anywa shamba, kisha akaamriwa kulipalilia. Kati ya Kwihara na Ntalikwa ni mwendo wa asubuhi moja kwa baiskeli, na hakuna aliyeutembea kwenda kwa mwenzake. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Ni kweli, hauawi. Anaachwa nyumbani kwa bibi yake, anapikiwa, anasikiliza kila mgeni akisimuliwa jinsi yule mwanamke wa Ntalikwa alivyoombwa msamaha na mume wake kama Mungu, akaukataa. Naye anameza tonge na maneno pamoja. Mpunga wa mwaka ule haukuvunwa. Ng'ombe waliingia wakala wakashiba.

Kiangazi baba alihamia Usoke kulima tumbaku kwenye shamba la rafiki yake wa kwaya. Alikuja Krismasi mbili, ya tatu hakuja. Tukasikia anaishi na mwanamke huko. Aliporudi Kwihara alirudi kwenye jeneza, mimi nikiwa na miaka ishirini na mbili. Mama alikuja msibani. Alikaa kwenye mkeka wa nyuma, kati ya wanawake wa jirani, si mahali pa mjane. Siku ya tatu tulikuwa wawili nyuma ya nyumba, tunasugua masufuria kwa majivu, nikaona nisipotema sasa sitatema tena. Nikamweleza yote: barabara, baiskeli, na jinsi nilivyoyafupisha maneno.

Aliendelea kusugua. Kisha akasema, "Nilijua."

Nikamwuliza alijua nini.

"Baba yako hakuwahi kuniamuru kwenda shamba tangu anioe. Nilijua umeyakata. Ndiyo maana nilikuuliza mara tatu."

Nilimwuliza kwa nini basi hakwenda kumsikia mwenyewe. Akasema alikuwa amechoka. Tangu siku alipomkuta Shija bondeni alikuwa anatafuta neno la kuondokea, na neno nililomletea lilimtosha. Angelisikia la kweli, pengine angebaki. Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayeeleza bei ya chumvi. Nilitaka kumwambia baba alivyosema hasa, neno kwa neno, nikafungua mdomo, naye akainua mkono wenye majivu. "Usiniambie," akasema. Nikarudi kwenye sufuria langu. Lakini jambo moja lilinikaa siku ile ambalo halijatoka vizuri mpaka leo. Miaka minane nilikuwa nimelala na kosa lile na kuamka nalo. Mara nyingi nilikwenda kuungama kwa padri, nikashindwa kulitaja. Na muda wote huo mtu mmoja duniani angeweza kuniondolea kwa sentensi moja, mtu huyo ni mama yangu, na alikuwa akija kunitembelea shuleni kila mwisho wa mwezi na karanga za kukaanga.

Leo ninaishi Tabora mjini na mume wangu na watoto wawili, na mama anaishi nasi tangu miguu ilipoanza kumsumbua. Bondeni Kwihara watu wanajenga. Kingo za mama zimesawazishwa, na juu yake kuna nyumba ya mtu ninayemsalimia tu. Watoto wangu hawajui Kinyamwezi. Mume wangu akisafiri na tukakosana, hutuma sauti yake kwenye simu, nami nairudia nikitaka, nasikia mpaka anavyokohoa, nasikia pale aliposita. Hakuna mtoto anayeitwa kuja kusimama mlangoni. Binti yangu, aliyefikia umri wangu wa wakati ule, ananishangaa nikimwambia kwamba zamani maneno ya mtu yalifika jinsi alivyotaka aliyeyabeba. Anasema, si wangeandikiana ujumbe. Simwambii zaidi. Sauti ya baba sina popote, wala picha yake akitabasamu. Nina zile sentensi nne za barabarani, na nimezihifadhi zote, kwa lugha yake, katika mpangilio wake.

Mwezi uliopita, mchana, mama alikuwa barazani anachambua mchele wa dukani, miguu ameinyoosha juani. Nilikuwa naanika nguo. Bila kuinua kichwa aliuliza, kama anayeuliza saa, "Hivi baba yako siku ile alisemaje hasa?"

Ningeweza kumpa maneno yake kama yalivyotoka, bila kugeuza hata moja. Nilimtazama mikono yake ikitembea kwenye ungo, ikitoa mawe madogo na kuyatupa uani. Nilitikisa shati la mwanangu maji yatoke, nikalibana kwenye kamba.

"Nimesahau, mama," nikasema.

Hakuuliza mara ya pili.